Uvimbe Hauchuliwi: Barua za Wasomaji Kuhusu Saratani na Tiba za Mikono

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na swali moja lililovaa nguo tofauti: mgonjwa wa saratani achuliwe? Akandwe? Aumikwe? Apelekwe kwa mtu anayesema mikono yake ina nguvu? Mimi nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa na wagonjwa wa saratani hapa Dar es Salaam, na mama aliyenizaa alikuwa mchuaji wa mtaa, Magomeni. Mkono unaojua kukanda nimeuona ukifanya kazi tangu sijaanza shule. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo Mama. Mama yangu ana miaka 58, tunaishi Tandika. Alitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na sasa yuko kwenye kemo, dawa za saratani za mshipani, amemaliza dripu ya tatu kati ya sita. Kila akitoka huko anatapika siku mbili, mwili unamuuma, halali. Jirani ametupeleka kwa mtu Sinza anayetibu kwa mikono. Hamgusi mgonjwa, anapitisha viganja juu yake tu. Tumeenda mara mbili na mara zote mama amelala usingizi mzito, jambo ambalo hatujaliona tangu aanze kuumwa. Sasa yule mtu anasema nguvu yake na dawa za hospitali zinapigana, mama aache dripu, aende kwake mara kumi na mbili. Mama anataka kuacha. Kaka yangu anafoka nyumba nzima. Nifanyeje? — Binti, Tandika*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: dripu ya nne mama asiikose. Mengine tutayaongea huku siku yake ya kemo ikiwa palepale.

Kwamba alilala, nakuamini kabisa. Hebu mtazame mama yako siku ya dripu. Ameamka saa kumi alfajiri, amebadilisha daladala, amekaa kwenye benchi kusubiri majibu ya damu, amechomwa kwenye mshipa uliokwisha kuchoka. Kutwa nzima anaguswa na watu, na kila anayemgusa ama anamtoboa ama anampima. Kisha anaingia kwenye chumba chenye pazia, anaambiwa alale chali afumbe macho, na mtu anakaa kimya pembeni yake dakika arobaini bila kumharakisha. Mwili uliokaza wiki nzima unaachia. Usingizi ule ni wa kweli na mama aliuhitaji sana. Ulitokana na utulivu, na utulivu huo mnaweza kumpa hapo Tandika bila kumlipa mtu.

Tiba za namna hiyo zina historia yake. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Marekani, mwaka 1972, Dolores Krieger aliyekuwa profesa wa uuguzi alianzisha ya kwao akishirikiana na Dora Kunz: mtibu anapitisha mikono juu ya mgonjwa, anadai anazihisi nguvu za mwili wake na kuzipanga upya. Wauguzi wengi walijifunza. Aliyewaumbua ni mtoto wa kike wa miaka 9, Emily Rosa. Alisimamisha kadibodi mezani, akaikata matundu ya kupitisha mikono, mtibu akaingiza mikono yake viganja juu bila kuona kinachoendelea upande wa pili. Emily alirusha sarafu kuchagua mkono, akaweka kiganja chake sentimita chache juu ya mkono uliochaguliwa, akauliza: niko juu ya upi, wa kulia au wa kushoto? Watibu walikuwa 21, swali likaulizwa mara 280. Walipatia mara 123, yaani asilimia 44. Mtu anayebahatisha tu angepata karibu nusu. Majibu yale yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Mimi najiuliza hivi: aliyeshindwa kuuhisi mkono wa mtoto ulio juu ya mkono wake, ugonjwa ulio ndani ya mwili wa mama yako ataupangaje?

Laiti yule bwana angemwambia mama, njoo upumzike leo, kesho nenda kwenye dripu yako, nisingekuwa na neno. Ningekuuliza bei tu, maana nauli na chakula cha mgonjwa vinahitaji hela. Lakini amesema aache dripu. Hapo ameshavuka mpaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walifuatilia kumbukumbu za wagonjwa 281 wa Marekani ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali, wakachagua tiba mbadala za aina mbalimbali na kukataa za hospitali. Waliwalinganisha na wenzao waliotibiwa kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: hatari ya kufa kwa wale waliokataa hospitali ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti peke yake ilizidi mara tano. Mwanangu, msomee mama sentensi hiyo ya mwisho. Msomee taratibu, na kaka yako awe amekaa chini wakati huo, asifoke. Mgonjwa anayefokewa huenda Sinza kwa siri.

Halafu tushughulikie kinachomfanya atake kukimbia, ambacho ni kutapika. Chukua daftari, andika dripu iliisha saa ngapi, alianza kutapika saa ngapi, mara ngapi, alikunywa dawa gani ya kuzuia kichefuchefu na saa ngapi. Mpe daktari daftari hilo kabla ya dripu ya nne. Dawa za kuzuia kutapika ziko za aina kadhaa, zinaweza kubadilishwa, kuongezwa au kupangiwa saa nyingine. Wagonjwa wetu wengi hutapika nyumbani wakavumilia, wakiulizwa wanajibu "naendelea vizuri", na daktari anaandika hivyo hivyo.

Mkono nao una nafasi yake hapa. Mwambie mama anyooshe mkono wa kulia, kiganja juu. Pima vidole vyake vitatu, vyake si vyako, kuanzia pale kiganja kinapokunjana na mkono kurudi nyuma kuelekea kiwiko. Hapo katikati utahisi kano mbili. Bonyeza kati yake kwa kidole gumba, kwa uthabiti bila kuumiza, dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku, ukianza asubuhi ya dripu. Wachina wanapaita *neiguan*. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilikubali kwamba sindano za Kichina zinasaidia kichefuchefu cha kemo, na sehemu hiyo ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Kubonyeza ni hafifu kuliko sindano, lakini hakuna gharama wala chale. Nimesema wa kulia kwa sababu upande wa kushoto ametolewa tezi. Mkono huo uacheni upumzike.

Usiku mkande miguu. Mafuta ya nazi kidogo, ya uvuguvugu, uyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, maana baadhi ya dawa za kemo hutia ganzi nyayoni na mgonjwa anaungua bila kujua. Bonyeza wayo kama unavyobonyeza parachichi sokoni ukitaka kujua limeiva, usilichubue. Zima televisheni. Dakika ishirini zinatosha. Mwaka 2022 vyama viwili vya wataalamu wa saratani vya Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja juu ya maumivu ya wagonjwa, na kukanda nyayo kwa mtindo huu kumo humo kama kitu kinachoweza kupendekezwa kwa aliye kwenye dawa.

Siku za kutomkanda ni hizi: akiwa na homa, fizi zikitoka damu au ngozi ikiota madoa na michubuko bila sababu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, maana huenda kuna damu iliyoganda ndani na kuusugua kunaweza kuisukuma mpaka kwenye mapafu. Na homa ikifika nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu wakati chembe nyeupe za damu, zile za kinga, ziko chini kabisa, mnakwenda hospitali muda huohuo. Hata iwe saa nane usiku. Msianze na panadoli kwanza.

*Mama, mimi nauza samaki Feri, naishi Kigamboni. Nilitolewa titi la kulia na mitoki ya kwapani mwaka juzi, nikapigwa mionzi, nikamaliza. Tangu mfungo wa Ramadhani mkono wa kulia umeanza kuvimba, sasa blauzi haipiti. Kuna bibi ananichua kwa mafuta ya karafuu, anakamua kuanzia vidoleni kwenda juu kwa nguvu zake zote mpaka machozi yananitoka. Mwanzo ulipungua, sasa umezidi. Niendelee? — Muuza samaki*

Acha leo hii, mdogo wangu. Na kabla ya yote rudi kliniki uangaliwe: mkono unaovimba baada ya matibabu, mara nyingi sababu ni tezi zilizotolewa, lakini daktari lazima ahakikishe si ugonjwa uliorudi wala damu iliyoganda.

Mwilini, mbali na damu, kuna maji yanayopita kwenye vijia vyembamba mno chini ya ngozi, yanapitia kwenye tezi, kisha yanarudi kwenye damu karibu na shingo. Tezi za kwapani zikitolewa na mionzi ikapita hapo, njia imezibwa. Wewe unavuka kila siku kuja mjini, Jangwani wakati wa masika unaijua: maji ni yaleyale ya kila mwaka, pa kupita ndipo hakuna, yanapanda mpaka barabarani. Bibi akikuchua kwa nguvu na mafuta ya moto, anaita damu zaidi mkononi, na maji yanaongezeka. Na vile vijia vyembamba, nguvu ile inavibana vifunge. Ndiyo maana ulipungua siku mbili ukarudi na deni.

Uchuaji unaofaa hapa upo, na ndio niliofanya sehemu kubwa ya maisha yangu. Aliyeuanzisha ni Emil Vodder, Mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa na mkewe, akauonyesha hadharani Paris mwaka 1936. Mara ya kwanza mgonjwa hudhani namtania, kwa jinsi ulivyo mwepesi. Uzito wake ni ule wa kumfuta mtoto machozi. Unavuta ngozi tu, unaiachia irudi yenyewe, huzami kwenye nyama. Na hauanzii vidoleni. Tunaanza shingoni, kisha kwapa la upande wa pili lililo salama, kisha kifua, ili tuyafungulie maji njia mpya, ndipo tunashuka mkono wenyewe kipande kwa kipande. Nimewahi kumshikisha mwanafunzi wangu ukuti wa mnazi, nikamwambia apitishe kidole juu yake bila kuupindisha, akapata kuelewa kuliko maneno yangu ya wiki nzima.

Uchuaji peke yake hautoshi. Kuna kufunga bendeji kwa mpangilio, kubana zaidi chini na kulegeza juu, kuna mazoezi ya mkono ukiwa umefungwa, na kuna kutunza ngozi. Kwako wewe hilo la ngozi ndilo kubwa. Mwiba wa samaki, magamba, kisu, barafu, chumvi: kila siku unapata vijidonda usivyovihesabu. Vaa glovu nene za mpira mkono wa kulia, hata kama wenzako watasema unaringa. Ukikwaruzwa, osha kwa sabuni, paka dawa. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na homa ikaja, nenda hospitali siku hiyohiyo, hayo ni maambukizi na yanataka dawa za antibiotiki. Beseni libebe kwa mkono wa kushoto au libebwe na mtoto. Mwombe daktari akuandikie barua uende kwa fiziotherapia, uulize kama wana mtu aliyejifunza kazi ya uvimbe wa mkono baada ya saratani ya titi. Bibi mshukuru, umwambie kwamba mwalimu wako mwingine amesema hapana.

*Dada yangu, nina miaka 71, ni mkazi wa Mbagala. Tezi dume yangu ina saratani, imeingia kwenye mifupa ya kiuno. Kijana wangu amepata mtu anayenyoosha migongo, anasema akinivunja mara tatu nitapona maumivu. Una maoni gani? — Mzee wa Mbagala*

Shikamoo kaka yangu. Usiende. Mfupa ulioingiwa na saratani ni kama boriti lililoliwa na mchwa: kwa nje limesimama, ukiligonga linaachia. Mtu akikunyonga kiuno anaweza kuuvunja na kubana uti wa mgongo.

Maumivu hayo yana dawa. Mionzi kwenye mfupa unaouma hutuliza, na wakati mwingine hupigwa mara moja tu ikatosha. Iko mofini ya maji. Wazee wengi wanaiogopa kwa kudhani ni dawa ya kuagana, sivyo. Ni dawa ya maumivu, na aliyeipata kwa kipimo chake hulala, hula, huketi na wajukuu barazani. Ulizia kitengo cha tiba shufaa, yaani cha kumtuliza mgonjwa maumivu. Kijana wako akitaka kutumia mikono, na atumie: akupake mafuta, akukande viganja na nyayo, ashike kichwa chako wakati huwezi kulala. Mgongo na nyonga asiguse kwa kukandamiza. Ukiona miguu inalegea, ganzi inapanda, au mkojo na choo vimegoma au vinatoka bila habari, ni hospitali saa hiyohiyo. Kuchelewa siku moja kunaweza kukunyima kutembea.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mchuaji, niko Manzese, na hijama, yaani kuumika, pia nafanya. Wanakuja wanawake wana uvimbe kwenye titi, wengine wako kwenye kemo. Naogopa kuwadhuru, naogopa pia kuwafukuza. Nasikia kuchua kunasambaza saratani, ni kweli? Niwafanyieje? — Mchuaji*

Marahaba mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, maana wewe unafanya kazi ya mama yangu.

Kuchuliwa mgongo, mabega au miguu hakusambazi saratani. Hofu hiyo ni ya siku nyingi na haina ushahidi. Damu ya mgonjwa inazunguka hata akipanda ngazi. Lakini juu ya uvimbe wenyewe usiweke nguvu, wala karibu yake, wala kwenye ngozi inayopigwa mionzi, na kwenye ngozi hiyo usipake mafuta yako. Aliye kwenye kemo muulize dripu ya mwisho ilikuwa lini, na kama damu imepimwa imesemaje. Chembe za kugandisha damu zikiwa chini ya elfu 50, mguse kama unayempaka losheni tu, usimkande. Hijama ya kuchanja mwambie hapana. Kemo imeshusha kinga yake na uwezo wa damu kuganda; chale zako kumi kwenye mgongo ule ni milango kumi. Wazee wetu waliumika kwa pembe na walikuwa na ujuzi wao, ila hawakuwahi kumuumika mtu aliyetoka kwenye dripu ya saratani. Na kama hujajisajili Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, jisajili. Sheria yake ipo tangu mwaka 2002, na inamlinda anayefanya kazi safi kama wewe.

Sasa huyu mwenye uvimbe ambaye hajaenda popote. Mwaka 1986 shangazi yangu, dada wa baba, alikuja kwa mama na uvimbe kwenye titi, mdogo kama kokwa ya ubuyu. Mama alimpenda sana wifi yake. Alimkanda kila Ijumaa kwa mafuta ya habasoda, miezi minane, akiomba dua huku anakanda. Mimi nilikuwa nashika kibakuli cha mafuta. Nakumbuka vidole vya mama vikizunguka palepale, na shangazi akisema, wifi, leo umelainika. Haukuwa umelainika. Ulipopasuka na kuwa kidonda ndipo alipopelekwa hospitali, na hakufika mwaka. Mama hakuwa mwizi, hakuchukua hata senti kwake. Hakujua tu.

Baada ya matanga mama aliendelea kuchua, maana ndiyo kazi tuliyokula. Ila akija mwanamke na uvimbe wa titi, alimkanda mabega na mgongo ili asiondoke mikono mitupu, kisha alinawa, akajifunga kanga yake, akatoka naye mpaka kituoni, wakapanda basi la UDA pamoja kwenda hospitali. Alikaa naye benchini hadi jina liitwe. Mmoja wao hadi leo ananiletea mkate wa kumimina kila Idi, ingawa mama tulishamzika.

Kutoka kwako Manzese ni mwendokasi mpaka Kivukoni, gari moja. Ukishuka mwisho wa gari, hospitali ya saratani ya Ocean Road iko huko mbele ufukweni, na uchunguzi wa matiti na shingo ya kizazi unafanyika hapo. Muulize huyo mwanamke kama ana mtu wa kwenda naye. Kama hana, funga kibanda siku hiyo uende naye.